Kipimo cha damu kimesema "chanya" lakini sikohoi: je, nina kifua kikuu?

"Assalaam alaykum daktari. Mimi ni mama wa miaka 29, naishi Lamu mjini katika nyumba ya ukoo wa mume wangu. Mavyaa wangu aligunduliwa kuwa na kifua kikuu mwezi wa Ramadhani, sasa yuko mwezi wa tano wa dawa na anaendelea vizuri. Kaka yangu aliyeko Mombasa aliingiwa na hofu, akatuita mimi na wifi yangu tukapimwa damu kwenye maabara ya kibinafsi. Damu ilitiwa katika vichupa vinne. Majibu yangu ni 'chanya', 2.8, na pembeni wameandika mpaka ni 0.35. Yaani nimepita mara nane! Sikohoi, sijakonda, sina homa. Wifi yangu, ambaye ndiye aliyekuwa akilala chumba kimoja na mama, majibu yake ni 'hasi', na tumemshukuru Mungu kwa sababu yeye ana kikohozi cha mwezi mzima na nguo zimeanza kumpwaya. Nina mwana wa mwaka mmoja na nusu, bado ananyonya. Nimwachishe? Nitenge vyombo? Na hakuna kipimo kingine cha damu cha kusema waziwazi kama TB yangu imelala au imeamka? Nimesikia kuna cha jeni."

Waalaykum salaam, dada yangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na kabla sijagusa hata tone la damu yako nakuomba jambo moja. Mwambie wifi yako akapimwe makohozi. Kesho asubuhi, si baada ya shughuli za wiki hii. Umeniandikia kwa sababu ya chanya yako, lakini katika barua nzima mtu anayenitia wasiwasi ni yeye mwenye hasi. Amelala chumba kimoja na mgonjwa, anakohoa mwezi mzima, nguo zinampwaya. Karatasi ya maabara haifuti hata moja kati ya hizo. Nitarudi kwake, lakini nimetaka ulisome hili kwanza, hata kama hutafika mwisho wa jibu langu.

Sasa tuje kwako. Unachoogopa, nikikuelewa, ni mambo mawili: kwamba tayari unaumwa TB bila kujijua, na kwamba ile 2.8 inaonyesha unaumwa sana. La pili naweza kukuondolea papo hapo.

Vile vichupa vinne kila kimoja kina kazi yake. Kimoja kitupu, cha kulinganishia. Viwili vimepakwa ndani vipande vya protini za bakteria wa kifua kikuu, ziitwazo ESAT-6 na CFP-10. Cha nne kina dawa ya kuishtua seli yoyote ya kinga iliyo hai, ili maabara ijue damu yako ina nguvu ya kujibu. Vikishatikiswa huwekwa kwenye joto la nyuzi 37, sawa na joto la mwili, kwa saa 16 hadi 24. Ikiwa seli zako nyeupe ziliwahi kukutana na protini zile, huzikumbuka, na zikizikumbuka hutoa kemikali iitwayo interferoni gama. Hiyo ndiyo iliyopimwa. Ile 2.8 ni kiasi cha interferoni gama, si hesabu ya bakteria. Katika kipimo hicho hakuna aliyemtafuta bakteria hata mmoja.

Wewe ni mtu wa Lamu, acha nikueleze kwa udi. Ukiingia chumbani ukakuta kanga na shuka zanukia udi, unajua kwa yakini kwamba chetezo kilipita pale. Lakini harufu haikwambii kama makaa bado yana moto chini ya jivu au yalizimika tangu jana. Na kanga inayonukia sana haina maana kwamba makaa yake ni mekundu zaidi. Huenda ni kitambaa tu kinachoshika harufu. Chanya yako ni harufu ya udi. Inasema mwili wako ulikutana na bakteria wa TB, na kwa hali ya nyumba yenu si vigumu kukisia ni lini na kwa nani. Mtu aliyekwisha kutibiwa TB na akapona kabisa anaweza kubaki na chanya hiyo kwa miaka mingi, ndiyo maana hatukirudii kipimo hiki ili kujua kama dawa zimefanya kazi.

Nikuongezee la kukutuliza kidogo: chanya hii haikutokana na chanjo ya BCG, ile iliyokuachia kovu mkononi tangu utotoni. Bakteria wa BCG hawana protini hizo mbili. Kipimo cha zamani cha kuchomwa chini ya ngozi na kusomwa uvimbe baada ya siku mbili au tatu ndicho ambacho majibu yake huvurugwa na chanjo.

Bakteria wanaovutwa na pumzi wakifika kwenye pafu, mara nyingi mwili hauwaui wote. Seli za kinga huwazunguka, zikajenga kijinundu kidogo, na bakteria hubaki humo ndani. Hiyo ndiyo tunayoiita TB iliyolala. Mwenye nayo haumwi, hakohoi kwa ajili yake, na hamwambukizi mtu. Takriban robo ya watu wote duniani wamewahi kuambukizwa hivi. Kati ya watu mia walioambukizwa, watano hadi kumi ndio wataugua katika maisha yao yote, na sehemu kubwa ya hao huugua katika miaka miwili ya mwanzo. Hapo ndipo ulipo wewe sasa, kwenye miaka miwili ya mwanzo. Hatari hiyo hupanda sana kwa mwenye virusi vya UKIMWI, na hupanda pia kwa mwenye kisukari, mvutaji sigara na mtu aliyedhoofika kwa lishe duni.

Lakini nisikudanganye kwamba kuna ukuta ulionyooka kati ya kulala na kuamka. Tulifundishwa hivyo zamani, na mimi nimewafundisha wengine hivyo hivyo. Leo tunajua kuna watu katikati: makaa yameanza kushika, bakteria wameanza kuzaana, picha ya kifua ina doa, na mwenyewe anapanda ngazi za darini bila kuhema. Tafiti za kupima watu mtaani katika nchi mbalimbali zimekuta kwamba takriban nusu ya wenye TB iliyothibitishwa hawakuwa wakilalamikia dalili zozote. Kwa hiyo "sikohoi" yako naipokea kwa furaha, lakini haitoshi peke yake. Unahitaji picha ya kifua.

Turudi kwa wifi. Watu wengi, na hata baadhi yetu wenye makoti meupe, hudhani kipimo hiki kikiwa hasi basi TB haipo. Sivyo. Kwa wagonjwa ambao TB yao imethibitishwa kwa makohozi, bado kuna sehemu isiyopuuzika ambao damu yao husema hasi. Sababu ni kadhaa. Mwili uliodhoofika na ugonjwa hushindwa kutoa interferoni ya kutosha. Seli zinazomkumbuka bakteria huenda zimekimbilia kwenye pafu lenyewe, hazimo kwenye damu ya mkononi. Na kuna jambo la safari: seli lazima zifike maabara zikiwa hai, na damu isikae zaidi ya saa 16 kabla ya kuwekwa kwenye joto lake. Ninyi mlitolewa damu Mombasa penyewe, hilo si tatizo. Lakini damu inayotolewa kisiwani, ikavushwa Mokowe kwa boti, ikapandishwa basi kwenye jua la mchana, inaweza kufika imechoka, na jibu lake lisiwe na maana yoyote.

Nilimwona miaka michache nyuma kijana mmoja wa kuchonga milango. Alikuwa na karatasi ya hasi ameikunja vizuri kwenye mfuko wa shati, anaitoa kila anapoulizwa kuhusu kikohozi chake. Aliitembeza karatasi ile miezi mitatu. Nilipomwomba makohozi, mashine ilisoma TB siku hiyo hiyo, na kufikia hapo mtoto wa dada yake, aliyekuwa akicheza karakanani, alikuwa ameshaugua. Wote wawili walipona. Lakini ile miezi mitatu ilipotea bure, na bila hiyo huenda mtoto asingeugua. Kipimo hiki cha damu hakikutengenezwa kwa ajili ya mtu anayekohoa. Anayekohoa hupimwa makohozi.

Na makohozi yanatolewaje? Nalieleza kwa urefu kwa sababu hapa ndipo vipimo vingi vinapoharibika. Asubuhi, kabla ya chai, asukutue kinywa kwa maji. Apande darini juu penye upepo, mbali na watoto, asiyatolee chumbani. Avute pumzi ndefu mara mbili au tatu, kisha akohoe kutoka chini ya kifua, si kooni. Kinachotakiwa kopoani ni kizito, cha rangi ya maziwa au manjano. Kikiwa chepesi na chenye povu ni mate, na mate hayatusaidii. Afunike kopo vizuri na alipeleke asubuhi hiyo hiyo. Mashine ya GeneXpert, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipitisha mwaka 2010, hutafuta chembe za urithi za bakteria mwenyewe, hutoa jibu kwa muda wa saa mbili hivi, na papo hapo husema kama dawa ya rifampisini itamfaa. Katika vituo vya serikali kipimo cha TB na dawa zake ni bure.

Sasa lile swali lako ambalo limenifurahisha: hakuna damu ya kusema imelala au imeamka? Limewasumbua watafiti kwa zaidi ya miaka kumi na mitano, na jibu la kweli ni kwamba tumekaribia lakini hatujafika.

Kuna cha kukataa moja kwa moja. Ukiuziwa kijikipimo cha kuchomwa kidole kinachotafuta kingamwili za TB, chenye mistari miwili kama kile cha mimba, usikinunue. Shirika la Afya Duniani mwaka 2011 lilitoa tamko la kukataza vipimo hivyo visitumike kutambua TB, kwa sababu huwaambia wagonjwa kwamba ni wazima na wazima kwamba ni wagonjwa.

Kuna vya kawaida, kama ESR na CRP. Hivi huonyesha kwamba mwili una moto wa namna fulani, lakini havisemi ni moto gani. Jipu, nimonia na TB vyote huipandisha CRP. Ina nafasi yake kwa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, ambapo ikizidi miligramu 5 kwa lita ni sababu ya kuendelea kuchunguza TB. Kwako wewe haitaamua jambo.

Hicho cha jeni ulichosikia ni cha kweli. Kila seli yako nyeupe ina jeni zile zile, lakini si zote zimewashwa wakati wote. Bakteria wanapoanza kuzaana, mwili huwasha jeni fulani na kuzima nyingine, na hilo linaweza kusomwa kwenye tone la damu. Kwa hiyo badala ya kunusa kanga, unaweka kiganja juu ya jivu kusikiliza joto. Mwaka 2016 watafiti waliokuwa wakifuatilia vijana wa Afrika Kusini walitangaza mkusanyiko wa jeni 16. Katika mwaka mmoja kabla ya kijana kugunduliwa TB, kipimo kilimtambua katika mara 66 kwa mia, na kiliwaachia kwa usahihi wapatao 80 kwa mia ya wasiougua. Baadaye wengine wakapunguza hesabu hadi jeni tatu tu, GBP5, DUSP3 na KLF2, na zikaingizwa katika kipimo cha majaribio cha mashine ile ile ya GeneXpert: tone la damu ya kidole, jibu chini ya saa moja. Kimejaribiwa katika nchi kadhaa, zikiwemo za Afrika.

Tatizo liko wapi? Nyingi ya jeni hizo huwashwa na interferoni, na interferoni mwili huitoa pia ukipigwa na virusi. Mtu mwenye mafua ya msimu wa kusi anaweza kuonekana kama mwenye TB. Kwa hiyo kipimo hukamata wengi wenye ugonjwa, lakini hushika na wasio nao. Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani lilikiweka kwa kipimo cha kuchuja watu ni kukamata angalau wagonjwa 90 katika mia na kuwaachia angalau wazima 70 katika mia. Kuvipata vyote viwili kwa pamoja, katika kila aina ya watu, ndiko kulikoshinda. Halafu watafiti wa Afrika Kusini walijaribu kutumia jeni 11 kuchagua nani apewe dawa za kinga, na matokeo yaliyotoka mwaka 2021 yalionyesha kuwa dawa walizopewa waliochaguliwa hivyo hazikupunguza idadi ya waliougua. Hilo lilituhuzunisha wengi.

Ipo njia nyingine ambayo mimi binafsi naitumainia zaidi. Badala ya kuuliza kama seli zinamkumbuka bakteria, huulizwa kama zile zinazomkumbuka zimetoka vitani karibuni. Seli iliyopumzika na seli iliyo kazini hubeba alama tofauti juu ya ngozi yake. Iliyo kazini huwa na HLA-DR na CD38 kwa wingi na hupoteza CD27. Katika tafiti, alama hizi zimetenganisha wagonjwa na walioambukizwa tu kwa namna ya kutia moyo sana. Lakini zinahitaji mashine ghali na mafundi waliobobea, hazijawa za kituo cha afya cha kawaida. Kwa leo, dada yangu, hakuna damu itakayokupa jibu unalolitaka. Jibu lako litatoka kwa kuulizwa dalili vizuri, kupapaswa tezi za shingo na kwapa, kupigwa picha ya kifua, na makohozi iwapo picha ina doa au unakohoa. Usitumie pesa zaidi maabara.

Picha ikiwa safi na huna dalili, utaambiwa una TB iliyolala, na hapo nakushauri upokee dawa za kinga. Ipo inayomezwa mara moja kwa wiki kwa wiki 12, rifapentini pamoja na isoniazidi, na ipo ya isoniazidi ya kila siku kwa miezi sita. Zinapunguza hatari kwa zaidi ya nusu. Najua si rahisi kumeza dawa ukiwa mzima, na wapo wanaoamua kungoja na kujiangalia. Siwalaumu wakiwa hawana mtoto mdogo ndani. Wewe unaye. Ila picha lazima itangulie, kwa sababu dawa ya kinga ni chache mno kwa ugonjwa ulioamka, na bakteria wakipewa dawa chache hujifunza kuzishinda.

Mambo matatu ambayo mara nyingi hayasemwi kliniki foleni ikiwa ndefu. Rifapentini na rifampisini huufanya mkojo na jasho kuwa rangi ya machungwa, usishtuke. Hudhoofisha vidonge na vijiti vya kupanga uzazi, kwa hiyo useme unatumia njia gani kabla ya kuanza. Na ukiona macho yamekuwa manjano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, au kichefuchefu kisichokoma, acha dawa na uende hospitali siku hiyo hiyo, maana ini linalalamika.

Mwana usimwachishe ziwa. TB haipiti kwenye maziwa. Vyombo pia usivitenge. Sahani haiambukizi, na ungemtenga mavyaa wako bure ilhali baada ya miezi mitano ya dawa zinazomfaa hamwambukizi mtu. TB husafiri kwa hewa ya mtu anayekohoa, na nyumba zetu za mawe zina kuta nene na madirisha madogo, hewa hukaa. Chumba anacholala wifi yako kifunguliwe mchana kutwa, usiku alale peke yake mpaka makohozi yake yajulikane, akikohoa afunike mdomo kwa leso.

Ila kuna jambo kuhusu mwana ambalo hukuliuliza. Ameishi nyumba moja na mgonjwa na ana mwaka na nusu. Kwa umri huo bakteria hawangoji miaka miwili. Wakiamka wanaweza kupanda hadi kwenye utando wa ubongo, na mtoto haanzi kwa kukohoa. Huanza kwa kutonenepa, kutocheza, homa isiyoeleweka. Mtoto wa chini ya miaka mitano aliyekaa na mgonjwa huchunguzwa, na akiwa mzima hupewa dawa za kinga bila hata kungoja kipimo cha damu. Angekuwa ameshazianza tangu Ramadhani. Akilegea, akitapika mfululizo, akishikwa na degedege au shingo ikakakamaa, msingoje mapambazuko, mtafuteni mwenye boti usiku huo huo kama mko nje ya mji.

Kwa hiyo mwende watatu pamoja, wewe, mwana na wifi, kliniki ile ile anakochukulia dawa mavyaa wako. Chukueni na kadi yake ya matibabu. Muuguzi ataangalia humo kama bakteria wa mama walikuwa wanasikia rifampisini, kwa sababu kama walikuwa sugu, dawa za kinga nilizozitaja hazitawafaa ninyi na mtahitaji mpango mwingine. Wifi asinywe dawa za kikohozi za dukani akaridhika, na akikohoa damu au akishindwa kuhema aende moja kwa moja chumba cha dharura. Na ile karatasi yake ya hasi aiache nyumbani.